Amri za dharura za magavana Marekani 2020 na fidia ya kazini: mimi nilichelewa siku mbili

Mzee wa Paleti (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekaa na jambo hili miaka mitano. Juzi kijana mmoja mgeni hapa California akaniuliza, "Mzee, hizi amri za dharura za gavana zinamhusu nini mtu wa ghalani kama mimi?" Nikajikuta nimeongea saa nzima huku chai inapoa. Nikasema bora niliweke hapa, wenye kujua wanisahihishe.

Mwaka 2020 nilikuwa napakia paleti kwenye ghala moja mashariki ya Los Angeles. Sitalitaja. Tulikuwa kama watu 250 kwa zamu zote. Rafiki yangu, tumwite Said, alikuwa anakaa nami meza moja ya mapumziko, tunagawana chapati za mke wangu. Mwanzoni mwa Julai nusu ya meza ikaanza kukohoa. Said zamu yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa tarehe 3 Julai. Ya kwangu ilikuwa Jumanne tarehe 7. Wote tukapimwa, wote tukakutwa na Korona. Yeye tarehe 8, mimi tarehe 10.

Said akajaza fomu ya madai, ile wanaiita DWC 1, na kampuni ya bima ikamkubalia bila maneno mengi. Mimi nikajaza fomu ileile, kwa kalamu ileile, akinielekeza yeye kwenye simu. Nikaletewa barua kwamba dai linachunguzwa, halafu ikaja ya pili: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ugonjwa umetokana na kazi.

Virusi vya meza moja! Nilidhani ni jina langu, nikadhani ni rangi, nikadhani kuna mtu ofisini hanipendi. Kumbe ni kalenda.

Tarehe 6 Mei 2020 Gavana Gavin Newsom alitia saini amri namba N-62-20. Kiini cha amri ile hakikuwa kuongeza dola kwenye fidia. Ilichogeuza ni nani athibitishe. Siku zote ukiugua, wewe mfanyakazi ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba umeupata ugonjwa kazini. Kwa Korona utaonyeshaje? Umepanda basi, umekwenda sokoni, nyumbani kuna watoto. Amri ikasema: kama mwajiri alikutaka ufike kazini, siyo nyumbani kwako, na ukapimwa ukakutwa nayo ndani ya siku 14 baada ya siku uliyofanya kazi, basi sheria inachukulia umeipata kazini. Hiyo ndiyo mawakili wanaiita dhana. Bima ikitaka kukataa, yenyewe ndiyo itafute ushahidi wa kupinga. Na muda wake wa kukataa ukapunguzwa kutoka siku 90 hadi 30. Siku zile 30 zikipita wamenyamaza, imekula kwao.

Sasa sikilizeni. Amri ilirudi nyuma hadi tarehe 19 Machi, siku watu walipoambiwa wakae majumbani, na ikaishia siku 60 baada ya kusainiwa. Yaani tarehe 5 Julai. Na tarehe inayohesabiwa si ya kipimo, ni ya zamu ya mwisho kabla ya kipimo. Said tarehe 3, yumo. Mimi tarehe 7, nimebaki nje ya mlango.

Nitaendelea na kilichotokea Septemba. Ila kwanza nataka kusikia wa majimbo mengine, maana najua kila gavana alikuwa na lake.

Mchumi Kichaa

Naweka kambi hapa. Lakini mkuu, tukubaliane na upande wa pili pia. Fidia ya kazini ni bima, na bima hulipa hatari uliyoitoza ada. Kampuni zilitoza ada za 2020 bila kuhesabu Korona. Halafu katikati ya mwaka mtu mmoja anaamka na kalamu anasema ugonjwa wa dunia nzima sasa ni ugonjwa wa kazini, na unaanzia miezi miwili nyuma. Hapo nani alipe?

Sheria za zamani hazikuacha magonjwa ya mtaani nje kwa ukatili. Mafua hayalipwi kwa sababu hakuna wa kusema yametoka wapi. Ukigeuza mzigo wa kuthibitisha, unamwambia mwajiri athibitishe kwamba mtu HAKUAMBUKIZWA kazini. Hilo nalo haliwezekani, kama lilivyokuwa haliwezekani kwako.

Kabla ya amri, ile taasisi inayokadiria gharama za bima hiyo California, WCIRB, ilitoa makadirio Aprili 2020: wakipewa wafanyakazi wote wa sekta muhimu dhana isiyopingika, yaani ambayo mwajiri haruhusiwi kuipinga hata akiwa na ushahidi, gharama ingekuwa kati ya dola bilioni 2.2 na bilioni 33.6 kwa mwaka. Bilioni thelathini na tatu!

Mzee wa Paleti

Mchumi, hayo makadirio nayajua, na hata upana wake unakuambia kitu. Mtu akikuambia safari itachukua kati ya saa mbili na saa thelathini na tatu, utampa nauli? Isitoshe yalihusu dhana isiyopingika. Newsom aliweka inayopingika, na akaiwekea ukomo. Baada ya amri kutoka, taasisi hiyohiyo ikakadiria kati ya dola milioni 600 na bilioni 2. Bado ni hela, sikatai.

Hoja yako ya kwamba hata mwajiri hawezi kuthibitisha, hiyo ndiyo hoja ya kweli. Nikubali. Lakini pale ambapo hakuna anayeweza kujua, lazima sheria iamue shaka imwangukie nani. Kabla ya Mei ilimwangukia mpakia paleti. Kati ya Mei na Julai ikaiangukia kampuni ya bima. Haikuwa sayansi, ulikuwa uamuzi.

Kivu Louisville

Jambo bandugu. Miye niko Kentucky tangu 2016, nilitokea Uvira, nikapita kambi ya Nyarugusu. Huku sisi Wakongomani wengi tulitumika mu viwanda vya nyama. Hata miye.

Mu 2020 gavana wetu Andy Beshear alitoa yake mapema kuliko California, tarehe 9 Aprili, namba 2020-277. Lakini yake ilikuwa na orodha. Wauguzi na wote wa afya ndani. Zimamoto na polisi ndani. Askari magereza, wale wa kulea watoto, wa maduka ya vyakula, mpaka wa posta. Nyama hakuna.

Tulikuwa tunakata nyama bega kwa bega, baridi kama ya friji, kelele mpaka hausikii mwenzako. Ukitaka kuongea unasogeza mdomo karibu na sikio lake. Halafu tarehe 28 Aprili Rais Trump naye akatoa amri yake kuhusu viwanda vya nyama, akitumia ile sheria ya uzalishaji wa ulinzi, ili vibaki wazi. Tukajua sasa sisi ni muhimu. Basi nikauliza msimamizi: kama tuko muhimu hivyo, mbona hatuko mu orodha ya gavana? Akasema, "Hamumo, basi hamuna fidia."

Niliugua Mei. Wiki tatu kitandani, bila mshahara. Sikuandika kitu kwa sababu hatumo.

Wakili wa Tononoka

Ndugu wa Louisville, pole sana. Mimi ni wakili Mombasa, si wa Marekani, lakini nimeyasoma haya kwa sababu ya mteja aliyekuwa na jamaa yake huko. Ulichoambiwa na msimamizi hakikuwa kweli, na naandika hivi kwa uchungu.

Orodha ya gavana haikusema nani ana haki ya fidia. Ilisema nani amepunguziwa kazi ya kuthibitisha. Aliye nje ya orodha alibaki na sheria yake ya kila siku: anaweza kudai, ila abebe ushahidi mwenyewe. Na wewe ushahidi ulikuwa nao! Idadi ya waliougua kwenye laini yako, umbali kati yenu, kelele iliyowalazimisha kusogezeana midomo. Hayo ni mambo ya kumweleza hakimu. Dhana ni ngazi. Aliyenyimwa ngazi hajakatazwa kupanda ukuta.

Na amri ya Rais ile haikugusa fidia yenu hata kidogo. Marekani fidia ya kazini ni sheria ya jimbo. Rais na Bunge la taifa wana watumishi wao wa serikali kuu, nao wana sheria yao peke yao. Watumishi hao walipewa dhana yao Machi 2021, na Bunge, ndani ya ule mpango mkubwa wa uokoaji wa Rais Biden. Ndiyo maana hata mimi nilicheka kuona watu wa posta kwenye orodha ya Beshear, wakati mfanyakazi wa posta ya serikali kuu analipwa chini ya mfumo wa taifa, si wa Kentucky.

Kivu Louisville

Sasa nikifanya nini leo? Miaka imepita.

Wakili wa Tononoka

Muone wakili wa hukohuko akuambie kwa kauli yake, lakini muda wa kufungua madai una mwisho, na wako naogopa umekwisha. Samahani ndugu yangu.

Kivu Louisville

Sawa. Aksanti kwa kusema kweli. Nitawaambia wa kanisani, kuna wengine waliambiwa maneno hayohayo.

bantu_wa_chicago

Mmesahau jimbo langu, na kituko cha Illinois ndicho darasa lenyewe. Huku hata hakuwa gavana. Ilikuwa tume ya fidia ya wafanyakazi. Katikati ya Aprili 2020 wakapitisha kanuni ya dharura: mtu wa huduma za kwanza au mfanyakazi wa sekta muhimu akiugua Korona, inachukuliwa kaipata kazini. Watu tukashangilia. Mjomba wangu dereva akasema, "Sasa tunaheshimiwa."

Heshima yenyewe haikumaliza wiki mbili. Chama cha wenye viwanda na chama cha wenye maduka wakaenda mahakamani kaunti ya Sangamon. Hoja yao: tume ina mamlaka ya kupanga taratibu za kusikiliza kesi, haina mamlaka ya kutunga haki mpya na kuiita kanuni. Tarehe 23 Aprili jaji akaisimamisha. Tarehe 27 tume ikaifuta yenyewe kabla ya kuendelea kuaibika.

Ndipo wabunge wakakaa na watu wa viwanda na watu wa vyama vya wafanyakazi, wakatengeneza sheria, Gavana Pritzker akasaini tarehe 5 Juni. Dhana ikarudi, safari hii na milango ya mwajiri kujitetea: akionyesha kwamba alifuata miongozo ya afya, au mtu alikuwa akifanyia kazi nyumbani, dhana inaanguka. Hakuna aliyepata chote alichotaka, lakini ilisimama.

Mchumi Kichaa

Hicho ndicho nilikuwa nasema! Jambo zito hivi lipite bungeni. Asante sana bantu.

Mzee wa Paleti

Mchumi usikimbie na mpira. Wale wabunge wasingekaa mezani kama ile kanuni ya tume isingewachokoza.

Wakili wa Tononoka

Hapa niweke neno, kwa sababu watu wanachanganya mambo mawili: gavana KUSIMAMISHA sheria na gavana KUTUNGA sheria.

Kusimamisha ni rahisi kuelewa. Sheria inasema usubiri siku tatu kabla ya malipo ya ulemavu wa muda kuanza, gavana anasema kwa dharura hii usisubiri. Newsom alifanya hivyo kwenye amri hiyohiyo, akaondoa siku za kusubiri. Lakini kuweka dhana mpya ni kuandika kifungu ambacho hakikuwapo.

California lilibishaniwa, ingawa si kwenye kesi ya fidia. Wabunge wawili, Gallagher na Kiley, walimshtaki Newsom kuhusu amri nyingine, ya uchaguzi. Jaji wa kaunti ya Sutter akasema gavana amejifanya bunge. Mei 2021 Mahakama ya Rufani ikampindua: sheria ya huduma za dharura ya jimbo hilo inampa gavana uwezo wa kutoa amri zenye sura ya kutunga sheria, madhali dharura ipo. Michigan ikawa kinyume. Tarehe 2 Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya dharura ya 1945, ambayo Gavana Whitmer aliitegemea, imevunja katiba kwa kumkabidhi mamlaka ya bunge. Wiki mbili baadaye wakala wa fidia wa jimbo akatoa kanuni za dharura kuhusu wafanyakazi wa afya, ili wasibaki uchi.

Kwa hiyo amri ileile, kwa maneno yaleyale, jimbo hili ni nyumba ya mawe na jimbo lile ni banda la makuti. Mtu asikuambie "amri za dharura ni halali" au "si halali". Muulize: wapi, na kwa kifungu gani?

mpwa_wa_hr

Niko Dar, kitengo cha rasilimali watu. Swali la mtu mvivu: huku kwetu ingewezekana? Rais aamke asubuhi aseme Korona ni ugonjwa wa kazini?

Wakili wa Tononoka

Tanzania na Kenya hakuna aliyetangaza hali ya hatari ya kikatiba mwaka 2020. Kenya tulipigwa kafyu kwa sheria ya utulivu wa umma, hiyo ni mambo mengine. Huku Kenya fidia yetu ni WIBA, sheria ya majeraha ya kazini ya 2007, ambayo yenyewe ilikaa mahakamani miaka hadi Mahakama ya Juu ikaithibitisha Desemba 2019. Virusi vikaingia miezi mitatu baadaye, wino haujakauka. Kwenu Tanzania mna mfuko mmoja wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi 2015 kwa sheria ya 2008. Mfuko mmoja wa umma hauhitaji kugombana na kampuni hamsini za bima. Afrika Kusini, kwa mfano, kamishna wa fidia alitoa tangazo lake Machi 2020 kuhusu Korona iliyopatikana kazini, akapanga kazi kwa viwango vya hatari, mambo yakasonga.

Mleta uzi, turudishe California. Septemba ilikuwaje?

Dada wa Zamu ya Usiku

Kabla mzee hajaendelea nami niseme langu. Niko San Diego, nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Najua watu wanadhani sisi wa afya tulibebwa. Ni kweli tulibebwa, ila si wote.

Sheria iliyokuja baadaye, SB 1159, ilisainiwa tarehe 17 Septemba 2020. Wa huduma kwa wagonjwa tulipewa dhana kuanzia tarehe 6 Julai bila sharti la mlipuko. Mimi niliugua Desemba nikalipwa. Lakini mama mmoja wa jikoni, Mganda, aliugua wiki ileile. Mwajiri aliruhusiwa kuonyesha kwamba yeye hakukutana na mgonjwa mwenye Korona ndani ya siku 14, na akionyesha hivyo ile njia yetu inafungwa.

Sasa niambieni. Trei za chakula zinatoka jikoni safi, zinarudi na vijiko walivyolamba wazee wagonjwa. Nani anazipokea? Anazipangusa nani? Kwenye makaratasi "hakukutana na mgonjwa." Yule mama alikuwa ananiwekea ugali mdogo kwenye bakuli la mtindi nikitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi. Nilimwandikia maelezo, karatasi mbili, ya zile trei. Nikaeleza kila kitu mpaka glavu zilivyoisha wiki ile.

mpwa_wa_hr

Zilisaidia hizo karatasi?

Dada wa Zamu ya Usiku

Walikubaliana nusu njia. Alipata matibabu na wiki kadhaa za malipo. Sasa amerudi Entebbe.

Mzee wa Paleti

Dada, trei hizo zimenigusa. Haya, Septemba.

Baada ya barua ya kukataliwa mimi niliacha. Kweli niliacha, niliirudisha kwenye bahasha nikaiweka nyuma ya Kurani kabatini. Mke wangu ndiye aliyesikia redioni kwamba gavana amesaini sheria ya Korona na kazi. Akaniambia kesho uende kwa wakili. Nikasema sina hela. Akasema uliza kwanza. Kumbe California wakili wa fidia hulipwi naye mbele. Hukata asilimia kwenye unachopata, mara nyingi kati ya 9 na 15, na jaji lazima aidhinishe.

Wakili, mama mmoja wa Kimeksiko, akanichorea kwenye karatasi. Kipande cha kwanza: 19 Machi hadi 5 Julai, ile amri ya gavana sasa imeandikwa kuwa sheria. Said yumo. Kipande cha pili: watu wa afya na wa dharura kuanzia 6 Julai. Dada wa usiku yumo. Kipande cha tatu: wote waliobaki kuanzia 6 Julai, LAKINI pawepo mlipuko mahali pa kazi. Mahali pa watu 100 au pungufu, wanne ndani ya siku 14. Zaidi ya 100, asilimia nne. Au mahali pafungwe kwa amri ya afya.

Watu 250, asilimia nne, watu 10. "Unawajua kumi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole mbele yake. Said. Yule kijana wa forklifti. Dada wawili wa kubandika lebo. Msimamizi wa usiku. Nikafika saba nikakwama. Mwajiri alitakiwa kuripoti idadi kwa bima hata kwa kesi za kabla ya sheria kusainiwa, kuanzia hiyo 6 Julai, na kudanganya makusudi faini yake hufika dola 10,000. Ripoti ilipotoka ilionyesha 11. Mimi ni wa nne kwenye orodha.

Bado bima ikauliza: una uhakika tarehe 7 ulikuwepo kazini? Mfumo wa kugonga kadi ulikuwa umezimwa ili watu wasiguse kifaa kimoja, na karatasi ya saini haikuonekana. Hapo ndipo kalenda ya jikoni ilipofanya kazi. Tunapewa bure na duka la nyama halali, ina picha ya msikiti, na mke wangu huandika zamu zangu kwa biki ya kijani ili ajue siku za kupika chapati. Tarehe 7 Julai: "BABA, SAA 9 – SAA 5 USIKU. CHAPATI 6." Wakili akaipiga picha. Pamoja na maneno ya Said na wengine wawili, ikatosha. Nikalipwa thuluthi mbili ya mshahara wa wiki nilizokosa, na bili za hospitali zikahama kutoka kwenye meza yangu.

Mchumi Kichaa

Chapati 6 zimeingia kwenye jalada la serikali. Nimeshindwa, mzee.

bantu_wa_chicago

Swali moja. Mkeo hakuugua? Maana kwangu niliingiza nyumbani, mama watoto akalazwa. Hakuna aliyetulipa.

Wakili wa Tononoka

Hilo nalo limepita mahakamani California. Kesi ya Kuciemba dhidi ya Victory Woodworks, Mahakama ya Juu ya jimbo, Julai 2023. Mke alisema mumewe alimletea Korona kutoka kazini. Mahakama ikasema mambo mawili: sheria ya fidia haimzuii mke kushtaki, maana ugonjwa wake si jeraha la mume, lakini mwajiri hana wajibu kisheria kwa jamaa wa nyumbani, kwa kuwa ukiufungua mlango huo utafurika. Mlango wa kwanza umefunguliwa, wa pili umefungwa.

mpwa_wa_hr

Na huko Connecticut nimesoma walitoa dhana mwezi Julai kwa waliougua Machi mpaka Mei? Yaani amri ya kurudi nyuma tu, bila kwenda mbele?

Mzee wa Paleti

Ndiyo. Gavana Lamont, amri 7JJJ ya tarehe 24 Julai 2020, kwa waliougua kati ya 10 Machi na 20 Mei. Hapo ndipo simlaumu Mchumi anapolia. Ila kwa mtu aliyekataliwa Aprili, barua ile ya Julai ilikuwa mvua. Sharti ajue kwamba imenyesha.

Kivu Louisville

Mzee, na hizo sheria za California bado ziko?

Mzee wa Paleti

Hapana ndugu yangu. Ziliongezwa mwaka mmoja, zikafa tarehe 1 Januari 2024. Aliyeugua baada ya hapo amerudi kwenye sheria ya zamani, abebe mzigo wake. Waliougua kabla, madai yao yanaendelea kwa sheria ya wakati wao.

Dada wa Zamu ya Usiku

Mzee wewe kifua kimepona? Umesema miaka mitano, na mtu hahesabu miaka ya kitu kilichopona.

Mzee wa Paleti

Umenikamata. Sijapona sawasawa. Ngazi mbili napumua kama nimekimbizwa. Daktari ana jina lake refu la hali hiyo.

Huku dai lililolipwa unaweza kuomba lifunguliwe upya kama hali imezidi, ila ndani ya miaka mitano tangu tarehe ya kuumia. Tarehe yangu ya kuumia kisheria ni ileile, 7 Julai 2020. Kwa hiyo mwisho 7 Julai 2025. Mwaka huo sikusubiri redio. Mke wangu aliizungushia duara kwenye kalenda mpya tangu Januari, biki ya kijani, na tarehe 26 Juni nilikuwa kaunta na ombi langu. Karani akagonga muhuri mara mbili, wa kwanza haukutoka vizuri.

Tunasubiri tarehe ya kusikilizwa. Said atakuja kutoa ushahidi, ameshasema nimletee chapati.

Mchumi Kichaa

Ngapi?

Mzee wa Paleti

Sita.